Pipa Halichunguliwi

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na Honorine alikuwa amekwisha kwenda mtoni na kurudi mara mbili bila mtu yeyote kumtuma. Ndivyo alivyokuwa, kiguu na njia. Akiambiwa asubiri zamu yake, anapita mbele kuangalia kuna nini. Akiambiwa kwamba haraka haina baraka, anaitikia vizuri kabisa, kwa sababu methali hiyo alikuwa ameisikia mpaka masikio yamezoea. Mama yake alikuwa amechoka kumkemea. Siku hizi alicheka tu, akasema kwamba huyu mtoto alikuja duniani mbio na hajapumzika bado.

Nyumba yao ilikuwa Wagenia, pembeni mwa mji wa Kisangani, karibu na maporomoko ya mto, na baba yake, Papa Médard, alikuwa mvuvi. Wavuvi wa pale wanasimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayokwenda kasi, wanaifunga kwa kamba za porini, kisha wananing'iniza migono, yaani vikapu virefu vyenye mdomo mpana, ili mto wenyewe uwasukumie samaki ndani. Kutega ni kazi ngumu, lakini kila mtoto wa Wagenia anajua kwamba kutega peke yake hakutoshi. Mgono sharti uchunguliwe. Asubuhi unachunguliwa na jioni unachunguliwa. Asiyeuchungulia atamkuta samaki ameoza, au mti umeng'oka na kila kitu kimeteremka na maji hadi kijiji cha Yanonge. Wakitaka kumsema mvuvi mvivu, hawatafuti tusi kubwa. Wanasema tu, "Yule hachungulii." Honorine aliyajua hayo kabla hajajua kuhesabu, na ndiyo yaliyomponza.

Alikuwa mwaka wa sita katika shule moja ya Makiso, katikati ya mji. Mwalimu wao aliitwa Aristide, na watoto walimwita Metre Aristide, kama watoto wa Kisangani wanavyowaita walimu wao wa kiume. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na hakuna kilichomuudhi kama mtoto anayekariri asichokielewa. Muhula ule somo lilikuwa vyanzo vya nishati.

"Bon," alisema siku ya kwanza. "Mnaweza kuniimbia kwamba nishati hutoka kwenye jua, upepo, maji, kuni na hata takataka. Kasuku naye angeweza kuimba. Mimi nataka mnioneshe kwa mikono yenu."

Akaandika vyanzo kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia yake, kila kundi likachukua kimoja. Kazi zikikamilika, alisema, darasa zima litatembelea kituo cha umeme kwenye mto Tshopo. Honorine alifumba macho akaomba apate maji. Nani anayeyajua maji kuliko mtoto wa Wagenia? Alichomoa karatasi yake, akaifungua haraka mpaka ikachanika. Ilikuwa imeandikwa: *Gesi ya samadi*. Alikunja uso kama aliyemeza kwinini.

Kundi lao lilikuwa la watu watatu. Kiongozi alikuwa Constant, mvulana mwenye maneno mengi ambaye hakupenda kushindwa hata katika mchezo wa vizibo. Wa tatu alikuwa Héritier, na huyo maneno yake yalihesabika. Baba yake, Papa Jean-Paul, alifuga nguruwe nyuma ya nyumba huko Kabondo, kwa hiyo shuleni watoto waliziba pua kila anapopita, hata siku alizokuwa msafi kuliko wote. Lakini siku ile Héritier ndiye pekee aliyecheka kwa furaha alipoiona karatasi. Walipotoka nje aliwaeleza kwa nini. Majirani walikuwa wamelalamika juu ya harufu ya nguruwe, na baba yake alikuwa amekata shauri kuwauza wote. Héritier alikuwa amemwomba angoje. Metre aliwahi kusema samadi ikifungiwa vizuri hutoa gesi ya kupikia, na ikitumiwa hivyo harufu hupungua. Papa Jean-Paul alimjibu kwamba ataamini siku atakapouona moto kwa macho yake. Ukiwaka, atachimba shimo kubwa na nguruwe watabaki. Usipowaka, basi.

"Nguruwe wale ndio karo yangu," Héritier alisema. "Na mama anakohoa moshi kila jioni. Donc, lazima uwake."

Honorine akamwambia utawaka, wala asihofu.

Héritier alileta samadi, Constant akaleta pipa la bluu lenye kifuniko cha kukaza kwa mkono, na Honorine akachota maji. Walikoroga pamoja na maganda machache ya mihogo. Juu ya pipa walipitisha bomba jembamba lenye koki hadi kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ambao ungevimba gesi ikianza kutoka. Héritier alikata mviringo wa mpira, akauweka chini ya kifuniko ili hewa isipenye, akakaza taratibu, huku akiupapasa kwa kidole kuhakikisha haukujikunja. Alifanya hivyo kwa utulivu mpaka Honorine akaona mikono yake mwenyewe inawasha kwa kungoja.

Metre Aristide alikuja kukagua, akasema kazi ni safi. Kisha akawaeleza kwamba ndani ya samadi mna vijidudu vidogo sana vinavyotengeneza gesi hiyo, na kwamba vijidudu hivyo havitaki hewa kabisa. Kwa hiyo pipa lisifunguliwe na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, mpaka yeye mwenyewe aseme. Wote watatu waliitikia. Pipa likawekwa nyuma ya darasa, chini ya bati.

Kuanzia hapo, Honorine hakuwa na raha. Kundi la jua lilileta kioo chake cha jua, na siku ileile likachaji simu ya Metre. Kundi la upepo lilitengeneza panga la bati lililozunguka na kupiga kelele. Kundi la maji lilikwenda kwenye kijito na gurudumu la mbao, likarudi linapiga mayowe kwamba taa ndogo imewaka. Kundi lao lilikuwa na pipa. Pipa la bluu lililokaa kimya chini ya bati, na mpira uliolala kama soksi tupu.

Alivumilia siku chache. Halafu asubuhi moja, akiwa amefika shule kabla ya wenzake kama kawaida yake, alijikuta amesimama mbele ya pipa. Je, kama limekauka? Kama panya ametumbukia? Baba yake hangetega mgono akauacha hivihivi, akategemea bahati. Mwenye akili huchungulia chombo chake. Akakishika kifuniko, akakifungua, akatia macho, akaziba pua, akafunga. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Hakuna aliyemwona, na pipa halikusema kitu.

Basi ikawa desturi. Asubuhi alifungua kabla ya kengele, na jioni alijitolea kufagia ili abaki nyuma afungue tena. Wakati mwingine aliona mapovu madogo yakipanda, moyo ukamruka, akafunga haraka kwa kuogopa kukutwa. Héritier, kwa upande wake, alikuja kila siku saa ya mapumziko, akautazama mpira bila kuugusa, akaondoka. Honorine alimwonea huruma. Alifikiri moyoni, huyu naye hachungulii.

Siku ya kuonesha kazi ilipofika, mpira ulikuwa umelala vilevile. Metre Aristide aliubonyeza, akakunja uso. Alikagua bomba, akakagua koki, kisha akasimama mbele ya kifuniko akawageukia.

"Kuna mtu aliyefungua pipa hili?"

Constant alisema hapana. Héritier alisema hapana, Metre. Honorine alikuwa wa mwisho, na ulimi ulimwia mzito, kwa hiyo alitikisa kichwa tu. Kutikisa kichwa ni uongo kama uongo mwingine, ila hautoi sauti.

Metre alifungua. Mviringo wa mpira ulikuwa umejikunja upande mmoja na kuacha nafasi ya kupenya kidole. Alisema kwamba hewa imeingia hapo, na gesi yoyote iliyopatikana imetoka hapohapo. Hakumlaumu mtu. Lakini Constant hakuhitaji kusaidiwa kulaumu.

"Héritier ndiye aliyefunga," alisema. "Tulimwachia kazi moja tu."

Watoto wa makundi mengine walikuwa wamejaa nyuma yao. Mmoja akaziba pua, wengine wakacheka, na kicheko kikasambaa mpaka mstari wa nyuma, kwa wale ambao hata hawakujua kinachochekesha. Honorine aliona Héritier akitazama chini. Alingoja ajitetee. Ungejitetea hata wewe. Lakini Héritier aliuokota ule mviringo wa mpira, akaugeuza mkononi kwa muda, kisha akasema polepole, "Labda niliukunja bila kujua, Metre. Nisamehe."

Aliyaamini maneno yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma Honorine. Alifungua kinywa. Akakifunga. Alijiambia kwamba kufungua kidogo tu hakuwezi kuharibu pipa zima, kwamba pengine kweli Héritier alikosea tangu mwanzo, kwamba atasema kesho. Kesho ilipofika, Héritier hakuja shule. Wala kesho kutwa yake.

Usiku Honorine aligeukageuka kitandani mpaka dada yake akamsukuma. Mchana hakukaa mahali. Alianza kuosha vyombo akaviacha, akaenda kwa baba yake mtoni, akarudi kabla hajafika. Mama alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana, na huo ukawa uongo wa pili, kwa kuwa aliumwa, ingawa hakuna dawa ya zahanati ambayo ingemfaa. Kisha Constant akaleta habari kama mtu anayeleta habari za mpira: Papa Jean-Paul amepata mnunuzi, mfanyabiashara wa Yanonge, na atakuja kuwachukua nguruwe wote siku ileile darasa litakapokwenda Tshopo.

Siku ya ziara watoto waliondoka kwa miguu, mistari miwili, wakiimba. Honorine, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshatangulia mbele na kurudi nyuma mara kumi, alikuwa akitazama nyuma, upande wa Kabondo. Pikipiki zilipita zikiwapigia honi. Alifikiria kuziomba zisimame, lakini angesema anakwenda wapi, na kufanya nini?

Kwenye kituo walipokelewa na mhandisi mmoja, Madame Colette, aliyevaa kofia ngumu na viatu vizito, na aliyezungumza na watoto kama anavyozungumza na wafanyakazi wenzake. Aliwaonesha kwanza ukuta wa bwawa na maji yaliyotulia nyuma yake. Mtoto mmoja akashangaa kwamba maji yenyewe yamelala. Madame Colette alicheka, akamwambia kwamba hayo yaliyolala ndiyo yanayofanya kazi. Yakiachwa yamwagike ovyo yanapiga kelele tu, lakini yakizuiwa, kisha yakateremshwa kwenye bomba moja kubwa, yanapata nguvu ya kuzungusha chuma kizito kuliko nyumba.

Halafu wakaingia ndani penye mashine. Sakafu ilitetemeka chini ya nyayo zao, na mngurumo uliingia kifuani. Kila mtu alitafuta gurudumu kubwa aliloambiwa linazunguka, lakini waliona chuma kilichofunikwa pande zote. Constant, akiwa amevunjika moyo, aliuliza watu wa pale wanajuaje kwamba kuna kitu kinazunguka humo ndani, maana hakuna hata dirisha.

Madame Colette aliwaonesha ubao wenye saa nyingi ndogo, kila moja na mshale wake. "Tunasoma mishale hii," alisema. "Hatufungui. Kuna mashine ukizifungua ili uone kama zinafanya kazi, kwa kule kufungua kwako ndipo zinapoacha kufanya kazi."

Wenzake walisonga mbele kwenda kutazama mishale. Honorine alibaki amesimama tuli. Aliona mkono wake mwenyewe juu ya kifuniko cha bluu, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Aliona yale mapovu. Kumbe gesi ilikuwa ikitoka. Ilikuwa ikitoka, na yeye akawa anaitoa nje kila alipokuja kuitafuta. Na ule mviringo wa mpira nao, nani aliyeukunja kama si yeye, kwa kufunga kwa pupa? Hakukuwa na "labda" tena ya kujifichia.

Alijipenyeza kati ya watoto mpaka akamshika Metre Aristide mkono wa shati, akamwambia yote huku mngurumo ukimlazimu kusema kwa sauti. Alisema alifungua, si mara moja. Alisema alitikisa kichwa alipoulizwa. Alisema Héritier hakukosea kitu, na kwamba leo ndiyo siku wanayouzwa wale nguruwe.

Metre aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Honorine.

"Umeniambia mimi," alisema. "Lakini si mimi uliyemuumiza. Twende."

Alimwachia darasa mwalimu mwenzake waliyekuja naye, wakatoka hadi barabarani, wakapanda toleka mbili, zile baiskeli za kubeba abiria. Njia ya Kabondo haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Kila penye mwinuko kijana aliyemwendesha Honorine alisimama juu ya pedali akihema, na Honorine alitamani kuruka chini aisukume baiskeli mwenyewe. Alimsihi aongeze mwendo. Kijana alimjibu kwamba miguu ni yake, si injini, na kama ana haraka hivyo angeanza safari jana. Metre alifuata nyuma kwa toleka ya pili.

Walikuta mkokoteni umesimama mlangoni. Juu yake walikuwa wamefungwa nguruwe wawili walionona, wakipiga kelele za kupasua masikio, na mnunuzi alikuwa akiandaa kamba za kuwafunga wengine. Papa Jean-Paul alisimama kando na mikono ya shati imekunjwa. Héritier alikuwa ndani ya zizi, ameshikilia shingo ya nguruwe jike, na aliwatazama wageni kama mtu asiyetarajia jema kutoka kwao.

Honorine alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimtoka kichwani. Akabaki na yale ya kweli tu.

"Papa Jean-Paul, shikamoo. Pipa ni mimi niliyeliharibu. Héritier alilifunga vizuri. Metre alitukataza kulifungua, mimi nikalifungua kila siku, asubuhi na jioni. Nilipoulizwa nikakataa, na wenzangu wakamcheka Héritier nikiwa nimesimama pale."

Alianza kulia, lakini hakugeuza uso. Papa Jean-Paul alimtazama, akamtazama Metre, kisha akamuuliza mwanawe kama alijua habari hii. Héritier alitikisa kichwa. Hapo yule baba akafanya jambo ambalo Honorine hakulitegemea. Alimwacha Honorine pale aliposimama, akaenda hadi kwenye zizi.

"Nilikuambia mikono yako haina akili," alimwambia mwanawe mbele ya watu wote. "Nilisema vibaya. Nisamehe, mwanangu."

Héritier akainamisha kichwa juu ya mgongo wa yule nguruwe, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa ameubeba mzigo ule siku zote hizo bila kulia.

Mnunuzi wa Yanonge alikohoa, akakumbusha kwamba mtumbwi haumngojei. Papa Jean-Paul akamgeukia Metre, akamuuliza waziwazi: pipa likijazwa upya, moto utawaka? Metre Aristide angeweza kumpoza kwa neno tamu. Alisema ukweli. Alisema pipa likifungwa vizuri na kuachwa, kwa kawaida moto huwaka, lakini kuapa hawezi, kwa sababu mara nyingine vijidudu huchelewa. Papa Jean-Paul alikuna kidevu. Wale wawili waliokuwa kwenye mkokoteni, alisema, wamekwisha kwenda, maana neno lake kwa mnunuzi limetoka na halirudi. Waliobaki watangoja mpaka mwisho wa muhula. Honorine aliusikia mkokoteni ukiondoka na kelele za wale wawili zikififia barabarani, na alijua kwamba hao hakuna msamaha utakaowarudisha.

Jioni ile aliwaeleza wazazi wake. Papa Médard hakupiga kelele. Kesho yake alichagua samaki wazuri, akawatunga kwenye kamba, akaenda na bintiye Kabondo kuomba radhi, kwa sababu kosa la mtoto ni la nyumba nzima. Shuleni Honorine alisimama mbele ya darasa akarudia yote. Alidhani watamcheka. Wengi wao waliangalia madawati, maana walikumbuka jinsi walivyoziba pua zao. Constant alimfuata Héritier uani, akamwambia kwamba yeye alimhukumu kabla ya kuuliza. Héritier akasema sawa, yameisha, ila samadi ya safari hii mtabeba ninyi.

Wakabeba kweli. Pipa liliwekwa karibu na zizi, Honorine akachota samadi kwa ndoo kutoka asubuhi hadi mchana, na akinuka, alinuka. Héritier alikaza kifuniko. Kisha kazi ngumu ikaanza, ile ya kutofanya kitu. Honorine alikuja baada ya masomo, akauzunguka uwanja, akafagia mahali palipofagiliwa, akawapelekea nguruwe maganda, akauliza saa. Vidole vilimwasha. Siku moja Héritier alimkuta ameisogelea koki mno, akamwuliza anatafuta nini. Akajibu kwamba anautazama tu mpira. Héritier akamwambia mpira unaonekana vizuri hata ukiwa umesimama kule, na wote wawili wakacheka.

Mpira ulianza kunyanyuka kidogo. Siku iliyofuata ulinyanyuka zaidi, ukawa mviringo, ukakaza. Honorine alikimbia hadi Makiso kumwita Metre. Metre alikuja, akafungua koki, akaiachia gesi yote iende zake. Honorine nusura amshike mkono. Lakini Metre alieleza kwamba gesi ya kwanza huwa imechanganyika na hewa, nayo ikiwashwa yaweza kulipuka na kuunguza mtu. Sharti waiache, wangoje ya pili. Wakangoja tena. Safari hii walingoja muda mrefu kuliko mwanzo, na Papa Jean-Paul alianza kupita karibu na pipa akiguna.

Siku mpira ulipojaa mara ya pili, walikuja wote: Metre, Constant, wazazi wa Héritier, na hata majirani wawili wa wale waliolalamika. Metre aliunganisha bomba kwenye jiko dogo la chuma, akampa Héritier kiberiti. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili iliwaka, ikasogezwa, na hapakutokea kitu.  Kisha mama yake Héritier akasema, "Mbona nasikia joto?" Wakainama. Moto ulikuwepo, wa bluu, mdogo, bila moshi hata kidogo, na mwanga wa jua ndio uliokuwa ukiuficha.

Mama huyo alibandika sufuria ya maji juu yake, akasimama karibu kabisa, bila kukohoa. Papa Jean-Paul aliyangoja maji yachemke. Yalipochemka aliingia nyumbani, akatoka na sepeto, akaanza kupima kwa hatua mahali pa kuchimba shimo. Halafu akamwita Honorine pembeni.

"Sikiliza, mutoto," alimwambia. "Pipa ulilifungua kwa sababu wewe ni mtoto, na mtoto hutaka kuona. Hilo nilikusamehe siku ileile. Lakini mwenzako alipokuwa anachekwa kwa kosa lako, ulinyamaza, na kunyamaza namna hiyo wanajua watu wazima. Nimewaona wengi. Walianza wakiwa wadogo kama wewe, siku moja tu, na wameshindwa kuacha. Wewe umeacha mapema. Usianze tena."

"Ndiyo, Papa," Honorine alisema.

Papa Jean-Paul akampa sepeto ya pili, akamwonesha pa kuanzia kuchimba.